Ming, Qing, laki ya Shanxi au mtindo mpya: samani ipi ya Kichina iingie sebuleni kwako?

Dada mmoja niliyemsindikiza Lecong, lile soko la samani la Foshan, kusini mwa China, lenye maduka yaliyopangana kilomita kwa kilomita, alikaa kwenye kiti, akainuka, akaingia duka la pili, akakaa tena, akarudi la kwanza. Ilipofika saa tisa alasiri alivua viatu, akajitupa kwenye kochi la wateja na kusema, "Vyote vizuri, jamani. Hapo ndipo ninapochoka." Alikuwa na fedha ya kujaza sebule moja tu Dar es Salaam, na kontena lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Nimeishi Guangzhou miaka minane, na swali lake nimelisikia kwa wengi: wa Mombasa, wa Lubumbashi, wa Muscat. Mtu anataka nyumba yenye sura ya Kichina cha kale, akifika dukani anakuta mambo manne tofauti yote yakiitwa hivyo hivyo: mitindo ya enzi mbili za kifalme, Ming na Qing; samani za mkoa wa Shanxi zilizopakwa laki, ule utomvu wa mti unaong'aa; na mtindo mpya wa leo. Kila moja linataka chumba cha aina yake na watu wa aina yake. Hapa ninayaweka ubavu kwa ubavu. Mshindi sitamtaja, kwa sababu kila mtindo nimeuona ukipendeza nyumba moja na kuharibu nyumba nyingine.

## Vipimo kwanza

Kikao. Nani atakaa, na kwa muda gani? Mgeni wa dakika ishirini, mzee mwenye magoti mabovu na kijana anayetazama mpira dakika tisini hawahitaji kiti kimoja.

Ukuta na nafasi. Samani za kale za Kichina zilitengenezwa kukaa mahali maalumu. Mfano ninaoupenda ni ukumbi wa nyumba za Huizhou, mkoani Anhui. Katikati ya ukuta inaning'inia picha ndefu, na kushoto na kulia kwake beti mbili za maandishi. Chini yake kuna meza ndefu nyembamba, mbele ya hiyo meza ya mraba, na ubavuni viti viwili. Juu ya meza ndefu huwekwa saa katikati, chombo cha maua mashariki, kioo magharibi. Chombo ni *ping*, kioo ni *jing*. Ukivitamka pamoja unasikia neno la utulivu. Mlio wa saa, *zhongsheng*, unasikika kama "maisha yote". Vitu vitatu mezani, na nyumba nzima imeombewa amani. Sasa tazama ukuta wako mkubwa. Una mlango katikati? Una televisheni ya inchi 65? Hilo peke yake linaweza kukuamulia.

Mti na uhalali. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapofumba macho. Neno utakalolisikia kila duka ni *hongmu*, yaani mti mwekundu. Si mti mmoja. Ni orodha ya kitaifa ya China iliyotolewa mwaka 2000 na kurekebishwa 2017, na sasa ina aina 29 za miti. Wenge ya Kongo imo. Mpingo wetu pia umo. Siku fundi mmoja wa Dachong, kule Zhongshan, aliponipa kipande cheusi na kukitaja kwa jina la Kichina lenye maneno "Afrika Mashariki" ndani yake, nilikipima mkononi, nikaona ule weusi wenye uzambarau kwa mbali, nikajua ni mpingo, mti uleule wa wachongaji wa Kimakonde. Nilihisi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Karibu jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imewekwa chini ya Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Mkurungu, ambao Kongo na Zambia huitwa mukula, ulifuata 2019. Maana yake ni kwamba biashara ya kimataifa inaruhusiwa, ila kwa kibali kinachoonyesha mti ulivunwa kihalali. Bidhaa za Dalbergia zilizokamilika, zenye mti huo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, zimeachiwa. Kwa hiyo kistuli kinaweza kupita, lakini seti ya sebule haipiti bila kibali. Uvunaji halali upo. Huko Kilwa, misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC, cha uvunaji unaotunza msitu, mwaka 2009. Basi muuzaji akikuambia karatasi hazina maana, ujue ni yeye asiyezitaka. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na sioni fahari ya kuurudisha Tanzania ukiwa kiti kisichojulikana ulitoka msitu gani.

La pili la uhalali: China inakataza kutoa nchini vitu vya kale vilivyotengenezwa mwaka 1911 au kabla. Anayekuahidi kabati "halisi la Qing" na kukusafirishia, ama si la Qing, ama anakuingiza matatani.

Hewa na matunzo. Guangdong, mkoa wenye masoko haya, kuna unyevu mwingi. Ukipeleka mbao za huko Dodoma kwenye ukame, au Muscat kwenye kiyoyozi cha usiku na mchana, zitasinyaa. Ukizipeleka Tanga zitajisikia nyumbani, ila mchwa watazitembelea.

Bei na safari. Mawakala wa mizigo wanatoza kwa CBM, yaani kwa nafasi ndani ya kontena. Kiti chepesi chenye mikono mipana kinaweza kulipiwa sawa na sanduku zito.

## 1. Mtindo wa Ming

Ukoo wa Ming ulitawala kutoka 1368 hadi 1644. Mwaka 1567 serikali yake ililegeza marufuku ya biashara ya baharini, na magogo magumu ya nchi za kusini yakaanza kuingia kwa wingi. Mti mgumu ndio uliowapa mafundi, hasa wa Suzhou na majirani zake, uhuru wa kuchonga mguu mwembamba usiovunjika. Uzuri wa Ming umetokana na hilo: mistari michache, mbao tupu inayoonyesha mishipa yake, nakshi kidogo au hakuna.

Kikao. Kiti cha kujaribu kwanza ni *quanyi*, chenye mgongo na mikono iliyounganika kuwa upinde mmoja unaoteremka kutoka mabegani hadi viganjani. Ubao wa mgongo umepinda kufuata uti wa mgongo. Sehemu ya kukalia iko juu, kama sentimita 50 kutoka chini, na kati ya miguu ya mbele kuna ubao wa kuwekea nyayo, zisiguse sakafu ya baridi. Mama mkwe wangu magoti yanamsumbua, na kutoka kwenye sofa letu ilikuwa lazima avutwe mikono. Kwenye *quanyi* alishika ncha za upinde, akasimama mwenyewe. Tangu siku hiyo kiti kile ni chake. Kikiwa na ususi wa henzerani badala ya ubao, joto la Pwani halikusumbui hata kidogo. Ila kiti hiki kinakutaka ukae wima. Filamu ya saa mbili hutaifaidi, na mtoto hawezi kulala juu yake.

Ukuta na nafasi. Hapa Ming inaipita mitindo mingine yote kwa nyumba ndogo. Miguu iko wazi, hewa na mwanga vinapita chini, chumba hakijai. Meza ndefu nyembamba yenye ncha zilizopinda juu inakaa hata kwenye ujia wa fleti. Viti viwili na kimeza katikati, mbele ya ukuta mtupu, vinatosha.

Mti na uhalali. Mti uliosifika enzi hizo ni *huanghuali* wa kisiwa cha Hainan, ambao leo ni adimu mno. Mwaka 2015 huko New York, viti vinne vya *huanghuali* vya mkusanyaji Robert Ellsworth viliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 9. Ukiambiwa seti yako ya kulia chakula ni *huanghuali*, rudisha kikombe cha chai mezani, uage. Nakala nzuri hutengenezwa kwa *yumu*, mti wa kaskazini wenye mishipa mipana, au kwa mti wa jozi. Zinapendeza na hazina utata wa vibali.

Hewa na matunzo. Siri iko kwenye viungo. Ulimi wa mbao moja huingia kwenye tundu la nyingine, hakuna msumari. Uso wa meza haugundishwi. Ubao wake unaelea ndani ya mfereji wa fremu, ukipanuka na kusinyaa kwa misimu bila kuumiza kitu. Hili nililijua kwa gharama. Meza yangu ya kwanza niliagiza karakana moja kwa bei iliyonifurahisha mno. Guangzhou ilikaa vizuri. Nikampelekea kaka yangu Dodoma, na usiku mmoja wa Julai akanipigia simu: "Dada, meza yako imelia kama bunduki." Ubao wa juu ulikuwa umepasuka toka upande hadi upande. Fundi seremala alipoifungua alikuta ubao umemiminiwa gundi pande zote nne na kukazwa kwa skrubu chini. Ulipotaka kusinyaa haukuwa na pa kwenda. Kwa hiyo dukani usitazame juu ya meza; piga magoti utazame chini yake. Mbao za kukingama zinatakiwa ziwe zimeteleza kwenye mifereji. Ukiona skrubu, umeona bunduki.

Bei na safari. Unalipia saa za fundi kuliko kilo za mti. Kwa *yumu* bei ni ya kati. Kontenani viti vinakula nafasi, kwani kiti cha viungo halisi hakifunguliwi.

Unamfaa mwenye fleti, mwenye wazee nyumbani, mwenye meza ya kusomea au kuandikia, na anayependa ukuta mweupe. Haumfai anayetaka sebule ya kujilaza.

## 2. Mtindo wa Qing, hasa wa Guangzhou

Ukoo wa Qing ulishika nchi kutoka 1644 hadi 1912. Mwanzoni samani zilifanana na za Ming. Mabadiliko makubwa yalikuja karne ya 18, enzi za wafalme Yongzheng na Qianlong, karakana za kasri zilipowakusanya mafundi wa mikoa na kuwataka wazidishe. Kuanzia 1757 Guangzhou ilikuwa bandari pekee iliyoachiwa meli za Ulaya. Mafundi wake walipata magogo mengi, na waliona nakshi za Kizungu zikipita mbele ya macho yao. Matokeo ni mbao nene, nakshi za kina kirefu, njumu za magamba ya chaza yanayometa, na vibao vya marumaru ya Dali, Yunnan, ambayo mawimbi yake yanafanana na milima iliyozibwa na ukungu.

Kikao. Kiti chenyewe ni *taishi*: kipana, mgongo wima, mikono ya pembe mraba. Ni kiti cha heshima. Anayekikalia anaonekana mkubwa hata akiwa mwembamba. Marumaru ya mgongoni inapoza vizuri wakati wa joto. Nakshi, kwa upande wake, zinachoma baada ya robo saa. Weka mto, na mto mwenyewe uwe mgumu.

Ukuta na nafasi. Mtindo huu unataka ukumbi. Dari ndefu, ukuta mpana usiokatwa, na vitu viwili viwili: viti jozi, meza jozi, vyombo jozi. Kwenye chumba cha mita tatu kwa nne seti ya Qing inakuwa kama ndovu aliyefungiwa bandani. Na ninasema hili kwa kuwa nimeliona: usiiweke karibu na mlango au sanduku la Kizanzibari lenye nakshi na shaba. Kila kimoja ni kizuri, lakini pamoja vinagombea jicho, na mgeni hajui atazame wapi.

Mti na uhalali. Hapa ndipo swali la vibali linapobana kweli, kwa sababu mtindo wenyewe unakula mti mwingi. Zamani ulikuwa *zitan* wa India, kisha miti inayoitwa *suanzhi*, "tawi chachu", kwa ile harufu ya siki inayotoka unapoipasua kwa msumeno. Leo karakana nyingi hutumia aina za hongmu zinazotoka nje ya China, Afrika ikiwemo. Dai jina la kisayansi la mti kwenye mkataba na risiti, si "mti mwekundu" tu. Mwenye duka mwaminifu hakasiriki ukimwomba hilo.

Hewa na matunzo. Mti huu mgumu, ukiwa umekaushwa sawasawa, unavumilia, na mchwa hawaupendi. Kazi yako ni vumbi: kila petali na kila popo. (Popo ni wengi kwenye nakshi za Kichina, kwa sababu jina lake, *fu*, linasikika sawa na neno la baraka.) Tumia brashi laini kavu kila wiki. Usimwage maji, wala usipake vanishi juu yake.

Bei na safari. Ni ghali kuliko yote manne, na ni zito. Ulizia uwezo wa lifti ya jengo na upana wa ngazi kabla ya kulipa.

Unamfaa mwenye nyumba kubwa inayopokea ugeni wa heshima: posa, vikao vya ukoo, wageni wa kazi. Wengine wote ninawashauri wachukue kimoja badala ya seti. Kiti kimoja cha *taishi* barazani kinasema kila kitu.

## 3. Samani za laki, hasa za Shanxi

Huu ndio mtindo wa rangi: kabati jekundu la harusi lenye bamba la shaba la duara katikati ya milango, sanduku jeusi lenye michoro ya dhahabu, kiwambo cha kukunjwa chenye bustani nzima juu yake. Shanxi ni mkoa wa kaskazini, mkavu na wa baridi, na mji wake wa Pingyao una jina kubwa kwa laki inayong'arishwa kwa kiganja. Fundi husugua kwa mafuta na unga laini, mkono mtupu, mpaka uso unakuwa kama maji yaliyotulia.

Laki halisi ni utomvu wa mti, na mti huo ni wa familia moja na mkorosho. Mtu wa Mtwara ataelewa mara moja: utomvu mbichi unawasha na kubabua ngozi, kama yale mafuta ya ganda la korosho. Ukishakauka hauna madhara. Ajabu nyingine ni kwamba laki haikaukii juani. Inahitaji joto lenye unyevu ili igande. Siku hizi kazi nyingi za bei nafuu hupakwa laki itokanayo na mafuta ya maganda ya korosho badala ya utomvu wenyewe. Si mbaya, mradi usiuziwe kwa bei ya utomvu.

Kikao. Nguvu ya Shanxi ni kuhifadhi: makabati, masanduku, meza za chini. Meza ndogo za *kang*, zilizotengenezwa kukaa juu ya kile kitanda cha matofali kinachopashwa moto, zinaenda sawa kabisa na sisi tunaokaa kwenye mikeka na majamvi. Meza ya *kang* katikati ya majlisi ya Kiomani, sinia la halwa juu yake: sijaona ndoa nzuri zaidi ya vitu vya mbali.

Ukuta na nafasi. Kabati moja jekundu linatosha chumba. Mawili yanapigana. Liweke mbele ya ukuta wa rangi ya chokaa, na usiweke kapeti jekundu.

Mti na uhalali. Chini ya laki mara nyingi ni *yumu* au miti laini ya kaskazini, kwa hiyo habari za CITES hazikuhusu sana. Jambo jingine linawahusu Waislamu, na wauzaji hawalitaji kwa sababu kwao si jambo: utandu wa chini wa kazi nyingi za jadi ulitengenezwa kwa vumbi la matofali lililochanganywa na damu ya nguruwe. Uliza kabla ya kuagiza. Zipo karakana zinazotumia gundi nyingine, na wengi wako tayari kubadili wakielezwa kwa upole.

Hewa na matunzo. Unyevu wa Pwani laki inaupenda, jua haliwezi. Kabati lililokaa dirishani upande wa magharibi linafifia na kupasuka vidogo vidogo. Mti laini ulio chini yake nao ni chakula cha mchwa na wadudu watoboao mbao. Inua miguu juu ya vigae au vibao vya chuma, na kagua nyuma kila baada ya miezi michache. Futa kwa kitambaa laini kilichokaushwa kabisa.

Bei na safari. Nakala za leo ni nafuu kuliko hongmu. Makabati yanafungashika vizuri, na ndani yake unaweza kupanga nguo na vyombo, kwa hiyo CBM haipotei.

Unamfaa anayetaka sura ya Kichina kwa kitu kimoja tu, wenye nyumba isiyo na makabati ya ukutani, na mwenye majlisi. Wenye watoto wanaorusha magari ya chuma wangoje kidogo.

## 4. Mtindo mpya wa Kichina

Madukani unaitwa *xin zhongshi*. Mistari ya Ming inawekwa kwenye sofa lenye mito minene, meza ya televisheni, kitanda chenye godoro la springi. Wazo si geni: tangu 1944 Hans Wegner wa Denmaki alibuni kiti kutokana na viti vya enzi ya Ming, na kizazi chake bado kinatengenezwa.

Kikao. Mtindo huu unashinda hapa. Sehemu ya kukalia iko chini, unalala, unatazama mpira. Nafasi si tatizo: ukubwa wake ulipimwa kwa fleti za leo, na televisheni ina mahali pake. Mti mzuri ni ule wa jozi wa Marekani Kaskazini, usio na utata. Lakini hapa ndipo vinia na MDF, yaani unga wa mbao uliobanwa kwa gundi, hujificha, na MDF kwenye unyevu wa Pwani huvimba kama mkate kwenye chai. Vuta droo, igeuze, tazama ukingo wake wa nyuma: mbao halisi huonyesha mishipa inayoendelea kutoka uso hadi ukingo. Matunzo ni kama ya samani yoyote ya kawaida. Bei inatapanyika kuliko mitindo yote, kutoka nafuu sana hadi ya kutisha, na sura haikusaidii kutofautisha. Sehemu nyingi zinafunguliwa na kufungwa tena, kwa hiyo kontenani ni mwepesi.

Unamfaa mwenye watoto, mpangaji anayehamahama, na anayetaka ladha bila kuishi ndani ya makumbusho. Atakayekatishwa tamaa ni yule aliyependa mkono wa fundi. Hapa mara nyingi hautaukuta.

## Kwa hali yako

Kama una fleti ya vyumba viwili na mzee anayekutembelea, anza na viti viwili vya Ming vya *yumu*, uache sofa lako lilipo. Miguu myembamba haitagombana nalo.

Kama unajenga na ukumbi bado uko kwenye ramani, mwambie mchoraji akuachie ukuta mmoja usio na mlango wala dirisha, wa mita nne hivi. Ukiwa nao unaweza kuamua kati ya mpango wa Huizhou na jozi ya *taishi*. Usipokuwa nao, achana na Qing.

Kama uko Ulaya au Marekani Kaskazini na unafikiria kuja kuhamisha samani siku moja, epuka hongmu isiyo na karatasi, hata ikiwa ya mtumba. Kibali usichodai leo ndicho utakachodaiwa bandarini.

Uko nyanda kavu au kwenye kiyoyozi cha kudumu? Viungo vinavyoelea ni lazima, mtindo wowote utakaouchagua, na weka bakuli la maji chumbani wiki za mwanzo ili mbao zizoee polepole.

Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, kabati la laki linabadilisha chumba kuliko kiti. Lakini kama kitu hicho kimoja kitakaliwa kila siku, basi kiwe kiti.

Na kama nyumba yako ni ya Lamu, au ya mtindo huo, yenye zidaka ukutani, huenda huhitaji samani yoyote. Zidaka zilibeba sahani na mabakuli ya Kichina karne nyingi kabla kontena halijafika Mombasa. Bakuli chache za buluu na nyeupe, kila moja kwenye kidaka chake, ndiyo sura ya Kichina iliyo yetu wenyewe.

Kabla ya kulipa, kata maboksi kwa vipimo kamili vya kila kitu, yatandaze sakafuni kwako, uishi nayo siku tatu. Fungua milango yote. Pita na ndoo. Mwalike mtu mnene.

Yule dada wa Lecong hakuwa na siku tatu, alikuwa na Alhamisi moja. Alimpigia mume wake, mume akapima sebule kwa kamba akiwa Dar, na wakaelewana kwenye simu: viti viwili vya *quanyi* vya *yumu* kwa ajili ya mama, kabati moja jekundu la mashuka. Utandu wake aliuulizia mwenyewe, kwa Kichina cha kuungaunga, mpaka mwenye karakana akamwonyesha ndoo ya gundi.